Mimba Inataka Tausi

Kambi ya Mgodi, Geita
4 Februari 1938

Shangazi yangu Bi. Mwamvua,

Shikamoo. Hiyo ni ya mlangoni. Ukishaketi pokea nyingine, shikamoo tena. Mimi mzima, mume wangu Maulidi mzima, na kuna wa tatu ambaye bado hajaonana na mtu. Nina mimba, Shangazi, ya miezi minne. Nilinyamaza mpaka nihakikishe, maana najua ukisikia wewe basi Shinyanga nzima imesikia mpaka stesheni.

Maulidi amechanganyikiwa kwa furaha. Kazi yake ni ile ile ya useremala, kukata magogo na kuyasimamisha mashimoni udongo usiporomoke, lakini siku hizi akirudi ananiuliza nimekula nini kabla hata hajatua randa. Nyonga yangu, ile niliyogongwa na gogo mwezi wa Oktoba nilipompelekea chakula, haina neno tena. Mgawa dawa wa kambi alinipa dawa ya chupa, kijiko asubuhi kijiko jioni, na alipoacha kunipa nikaipata dukani kwa Abdu. Basi, nyonga imepona.

Sasa nakuuliza wewe, uliyenilea tangu mama afe, na ndiwe mkunga ninayemwamini. Kuna kitu kimoja mimba inataka. Si udongo, si ndimu. Nikikikosa tangu asubuhi, adhuhuri haijafika natokwa na jasho la baridi, pua inachuruzika, miguu haitaki kutulia. Nikikipata, natulia tuli. Maulidi haninyimi, ila naogopa siku atachoka. Mwandikie wewe, Shangazi, neno lako kwake ni zito. Kitu chenyewe usiniulize, naona haya kukiandika.

Mwanao,
Zamoyoni

*

Nyuma ya Stesheni, Shinyanga
15 Februari 1938

Mwanangu Maulidi,

Salamu hizi zikukute umesimama, kwa sababu maneno haya hayasikilizwi na mtu aliyelala. Nimepata habari njema. Hongera, na sasa kaza mkanda.

Mkeo ana mimba inayochagua. Mimi Mwamvua nimezalisha miaka thelathini, kuanzia Tabora mpaka hapa, na sijaona mimba inayotaka kitu bila sababu. Anayetaka si mkeo. Ni huyo aliye ndani. Hana mdomo wa kusemea, basi anaazima wa mama yake. Akitaka udongo, chimba. Akitaka samaki wa Mwanza siku ya kazi, omba ruhusa uende. Kuna bwana mmoja bahili hapa mjini alimnyima mkewe maini. Mtoto akazaliwa, akalia mchana kutwa, kifua kikataka kupasuka, hakunyamaza mpaka nilipompaka mchuzi wa maini mdomoni kwa kidole changu hiki. Tangu siku hiyo, kimya.

Kitu chenyewe mkeo hakukitaja na mimi sikuuliza, maana haya ya mwenye mimba huheshimiwa. Na wewe usiulizeulize. Anachotaka, mpe. Ukibisha nitapanda gari moshi nije mwenyewe, na hilo hulipendi.

Shangazi yako, mwenye kujua anachosema,
Mwamvua

*

Kambi ya Mgodi, Geita
6 Machi 1938

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaipeleka kazini nikawasomea wenzangu wakati wa uji. Walicheka mpaka wakamwaga uji, lakini waliafiki kila neno. Sasa naitwa Baba Chupa, na jina hilo nalipenda.

Naitwa hivyo kwa sababu kitu chenyewe ni Tausi, ile ile dawa ya nyonga, yenye picha ya ndege. Mtoto wangu ameipenda tangu alipoingia. Mwanzo chupa moja ilikaa mwezi. Sasa wiki haimalizi. Wapo wanaolalamika kwamba wake zao wanataka ndimu. Ndimu! Nawaambia, mtoto wa fundi hachagui vitu vya rahisi.

Akishakunywa, Zamoyoni anakaa barazani ametulia, macho nusu yamefumba. Mboni zimekuwa ndogo sana, anajikunakuna pua, na choo anakipata kwa taabu. Niliingiwa na wasiwasi, lakini jirani yetu Mbuke, Msukuma mmoja mama wa watoto sita, anasema ni mambo ya mimba tu. Na wewe umeshasema. Mimi nanunua.

Ili ujue kwamba sinunui ya bandia, nimebandua karatasi ya chupa na kuiweka humu ndani ya bahasha. Itazame tausi wake alivyo mzuri.

Mkweo mtiifu,
Maulidi

*

Shinyanga
17 Machi 1938

Zamoyoni,

Leo hakuna salamu.

Nimeshika karatasi ya mumeo mkononi. Maandishi yake ya Kizungu siyajui, nikaichukua mpaka hospitali kwa Pantaleo, mgawa dawa, mtu wa Bukoba, makini, haropoki. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. Akaniuliza, "Nani anakunywa hii?" Nikasema mwanangu, ana mimba. Akasema, "Bibi, ndani yake mna afyuni."

Afyuni, Zamoyoni! Na mimi nimemwandikia mumeo barua nzima ya kumhimiza! Nilipokuwa msichana Tabora niliwaona walioshikwa na afyuni. Watu wazima, wenye heshima zao, wakikosa wanatoka jasho la baridi na makamasi. Wewe uliniandikia jasho hilo hilo, makamasi hayo hayo, na mimi mkunga mzima nikasoma nikasema mimba inachagua. Wala usinidanganye kwamba hukujua. Asiyejua angekitaja. Wewe ulisema unaona haya.

Mtoto hamjui Tausi. Anayemtaka ni wewe, nyonga ilishapona zamani. Ukipata barua hii, toka nje na chupa zote uzimwage. Usibakize tone.

Mwamvua

*

Geita
2 Aprili 1938

Shangazi,

Shikamoo, ingawa wewe umeninyima yako.

Ulisema nimwage, nikamwaga. Chupa moja na nusu, nyuma ya choo. Siku ya kwanza nilijikaza. Siku ya pili tumbo likanikata, nikatapika mpaka nyongo, mifupa ya miguu ikawa inauma kila mahali. Hayo ningeyavumilia. Lakini mtoto, Shangazi! Alirukaruka ndani siku nzima, hapumziki, ananipiga mbavu mpaka Mbuke akaona kanga inacheza. Siku ya tatu nikaona damu. Kidogo, lakini damu.

Nikavaa, nikaenda kwa Abdu nimeinama nimeshika tumbo, nikanunua. Nikanywa pale pale nyuma ya duka. Baada ya muda mfupi mtoto akatulia na damu ikakoma. Sasa niambie wewe, mtaalamu wa miaka thelathini: ulitaka niendelee kumwaga mpaka nimmwage na yeye?

Ni kweli nilijua. Nilijua tangu Desemba, kabla mimba haijaonekana, siku dawa ilipokwisha nikawa mgonjwa bila ugonjwa. Mimba ilipokuja nikafurahi mara mbili: nimepata mtoto, na nimepata kisingizio. Unaona? Nimeandika. Maulidi hajui, na hatajua. Ataniacha, na mtoto ni wake, atamchukua.

Zamoyoni

*

Shinyanga
12 Aprili 1938

Zamoyoni mwanangu,

Pokea marahaba zote, zile nilizokunyima na nyingine za juu. Nimekosea mara mbili ndani ya miezi miwili, na mimi sijazoea. Pantaleo amenigombeza mbele ya wagonjwa kama mtu aliyevunja sufuria ya watu. Anasema mwenye mimba hakatishwi afyuni ghafla hata siku moja. Mwili wa mama ukishtuka, unaweza kumtoa mtoto. Ulifanya vyema kurudi dukani. Nimeandika hilo kwa mkono wangu na sitalifuta.

Sasa sikiliza, maana safari hii nimeuliza kwanza. Njia ipo. Chupa yako inakaa wiki. Chupa ya wiki hii toa vijiko viwili uvimwage, urudishie vijiko viwili vya maji yaliyochemka yakapoa. Itikise. Kunywa kwa kipimo chako kile kile na kwa saa zile zile. Chupa ya wiki ijayo toa vitatu, weka vitatu. Inayofuata vinne. Ukitokwa na jasho au mtoto akirukaruka, usiongeze maji. Kaa hapo hapo wiki nyingine, kisha uendelee. Usiwe na haraka. Pantaleo anasema huenda mpaka kuzaa hutakuwa umemaliza, na si kitu. Mtoto atakayezaliwa na kidogo ni afadhali kuliko asiyezaliwa.

Jambo la pili ni mumeo. Mwambie. Kazi hii haifanywi kwa kujificha na mtu mnayelala chumba kimoja.

Mimi, Mwamvua, ambaye bado najua mambo mengine

*

Geita
15 Mei 1938

Shangazi,

Shikamoo yenye moyo safi. Niko kwenye vijiko vitano!

Sitakuficha lolote tena, kwa hiyo jua kwamba wiki ya kwanza vile vijiko viwili vya kumwaga nilivinywa. Nilitoka navyo uani kabisa, nikatazama huku na huku, nikavimeza. Wiki ya pili nikafanya hivyo hivyo na vitatu. Wiki ya tatu nikamwita Mbuke nikamwambia nataka unimwagie wewe, mikono yangu haifai kwa kazi hii. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Lete, mayu," kama wanavyomwita mama kwao, akamwaga kwenye majivu akakanyaga. Tangu hapo ni yeye.

Nalala vizuri kidogo. Chakula nakisikia ladha. Juzi nilicheka jambo dogo tu, kuku wa Mbuke kaingia ndani ya kofia ya Maulidi, nikashangaa sauti yangu mwenyewe, nilikuwa nimeisahau. Mtoto anacheza kama watoto wengine, si kwa fujo. Nitafika, Shangazi. Najiona kabisa nikifika.

Maulidi sijamwambia. Asubuhi anasimama mlangoni anawapigia kelele wenzake kwamba mwanawe bado anamtaka Tausi. Barua yako ya Februari anatembea nayo mfukoni, imeshachakaa kwenye mikunjo. Utamwambiaje mtu kama huyo?

Zamoyoni

*

Geita
27 Mei 1938

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia habari ya ushindi.

Juzi nimeishika chupa ya mwanangu nikaitazama juani. Nyepesi! Nikaionja: maji matupu yenye harufu. Kumbe huyu Abdu anatuuzia maji, na mtoto wangu ananyimwa ndani kwa ndani! Nilikwenda dukani na randa mkononi. Watu walikuwa wamejaa, siku ya mshahara. Nikamshika shati, nikamwambia mwizi wewe, unamnyonga mtoto ambaye hajazaliwa. Akaapa kwa msahafu. Nikamwambia usiape, nipe chupa mbili zenye lakiri, lakiri niivunje mwenyewe. Akazitoa. Tangu siku hiyo watu wengi hawaingii kwake.

Sasa chupa naitunza mimi, sandukuni pamoja na patasi zangu. Kijiko nampa kwa mkono wangu, nasimama mpaka ameze. Zamoyoni aliponiona nimeleta zile chupa mbili alilia. Machozi ya furaha, naona.

Mkweo,
Maulidi

*

Shinyanga
6 Juni 1938

Mwanangu Maulidi,

Ile barua yangu ya Februari, unayotembea nayo mfukoni, ichome moto. Nilikosea. Mambo ya mimba inayochagua si hivyo nilivyosema, na mtoto wa maini alinyamaza kwa sababu alikuwa na njaa. Rudisha chupa kwa mkeo apime mwenyewe. Na Abdu mwache, hajakukosea.

Mimi Mwamvua, kwa akili zangu timamu

*

Geita
15 Juni 1938

Shangazi,

Shikamoo. Nimepokea barua inayosemekana ni yako. Nakujulisha upesi ili umtafute aliyeiandika. Nimekufahamu miaka saba na sijakusikia ukisema "nilikosea". Tena mtu huyo anamtetea Abdu! Nadhani ni ndugu zake Abdu wa hapo Shinyanga. Kuwa mwangalifu na karatasi zako.

Barua ya kweli ninayo bado.

Maulidi

*

Geita
16 Juni 1938

Shangazi,

Shikamoo. Naandika upesi, Maulidi amekwenda kupasua mbao.

Ananipa kijiko kizima cha Tausi isiyo na maji. Siku mbili za kwanza nilimeza, nami nikafurahi, hilo ndilo baya lake. Siku ya tatu nikaona macho yangu kwenye kioo, zile mboni zimerudi kuwa ndogo. Nikasema hapana. Sasa nakibana kijiko shavuni, akigeuka kufunga sanduku natema nusu kwenye ncha ya kanga, Mbuke anaifua. Sikio langu limeshajua mlio wa kufuli lile. Nusu nameza, nusu natema. Sijarudi nyuma.

Mwandikie umwambie wewe, Shangazi. Mimi siwezi. Yeye anatamba, na mimi ndiye niliyempa cha kutambia.

Zamoyoni

*

Shinyanga
26 Juni 1938

Zamoyoni,

Marahaba, mwanangu shujaa. Kutema nusu ya kitu ambacho mwili wote unakililia, mimi sijui kama ningeweza. Hilo nalisema waziwazi.

Kumwandikia Maulidi siwezi. Kwanza, barua yangu kwake haiaminiki tena, amenijibu kwamba ile ya mwezi huu imeandikwa na ndugu zake Abdu. Nilicheka, kisha nikalia. Pili, miaka thelathini sijamfungulia mwanamume siri ya mwanamke aliyenishika mkono. Mdomo ni wako. Na mimi siwezi kuja, mguu wangu umevimba tangu mwezi wa tano, Pantaleo amenikataza hata kufika sokoni.

Sasa soma hapa pole pole, umsomee na Mbuke. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa sawa siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu atatetemeka, atapiga chafya nyingi, atalia kilio chembamba kisichokatika. Si jini. Si degedege. Anakosa kile alichokizoea. Mfunge vizuri kwa kitambaa, mikono ndani. Mlaze chumba chenye giza, kusiwe na kelele. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Mbebe kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, wewe na yeyote mwenye kifua. Akikakamaa mwili mzima au akishindwa kunyonya, mpeleke kwa daktari wa mgodi na utaje jina la dawa bila haya.

Na mtu yeyote asimtie Tausi mdomoni. Yeyote. Kijiko kimoja cha mtu mzima kitamlaza na hataamka.

Shangazi yako,
Mwamvua

*

Geita
9 Agosti 1938

Shangazi,

Shikamoo. Keti kwanza. Mtoto yupo, anapumua, ananyonya, ni msichana na jina lake Mwahija. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome kwa utulivu.

Alizaliwa tarehe 14 Julai, Mbuke akimpokea. Siku ya kwanza alikuwa sawa, nikadhani tumepona. Siku ya pili asubuhi yakaja yale yote uliyoyaandika. Mikono ikatetemeka, chafya zikafuatana, na kilio, Shangazi, kilio kile sitakisahau. Nikamfunga kitambaa, nikaziba dirisha, nikamweka kifuani. Nyumba ikajaa majirani. Mbuke, ambaye nilikuwa nimemsomea nusu tu ya barua yako, ile nusu isiyotaja dawa, akashika kiuno akasema, "Huyu alinyimwa."

Maulidi akasema, "Nilijua! Wa maini!" Akatoa barua yako mfukoni akaipunga mbele za watu. Akafungua sanduku, akavunja lakiri ya chupa mpya, akamimina kijiko kimejaa mpaka ukingo. Akapiga magoti pale kitandani, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole, anamwambia, "Haya, mwanangu, baba hakunyimi."

Nilikuwa nimejiwekea kwamba nitamwambia baada ya arobaini. Nikatazama kile kijiko, kilikuwa kikubwa kuliko mdomo wake. Nikamshika mkono. Nikasema, mbele ya wote waliokuwamo, "Maulidi, hiyo ni afyuni. Yeye hakuitaka. Niliitaka mimi. Tangu nyonga ilipopona, kila chupa uliyonunua nimekunywa kwa haja yangu mimi. Maji niliyatia mimi, najaribu kuacha, Abdu hana kosa. Ukimpa hicho kijiko unamzika leo."

Maulidi alibaki amekishika kile kijiko, hakimwagiki. Akaniuliza jambo moja tu: "Ile barua ya Juni, ilikuwa ya Shangazi kweli?" Nikasema ilikuwa yake. Akaenda nje. Nikajua anakwenda kunitafutia mashahidi wa talaka.

Alirudi na kijiko kitupu, akawatoa watu wote isipokuwa Mbuke. Akavua shati. Akasema, "Anabebwaje?" Nikamwonyesha. Akamchukua Mwahija akamweka kifuani, akaanza kutembea, kutoka ukuta hadi ukuta, chumba ni cha hatua tano. Kwangu hakusema neno siku tatu, Shangazi, lakini na mtoto alisema. Alimwimbia nyimbo za kuvuta magogo kwa sauti ya chini kabisa. Siku mbili mtoto alitetemeka hivyo mikononi mwake. Siku moja alikataa ziwa, nikasema twende kwa daktari, na Maulidi ndiye aliyelitaja jina la dawa kabla sijafungua mdomo. Daktari akamtazama, akasema tuendelee vile vile, tumrudishe akikakamaa. Hakukakamaa.

Siku ya nne Maulidi alikaa chini, mtoto amelala juu yake, akasema, "Mimi nilidhani namnunulia mwanangu." Akalia. Nami nikalia. Nilimwomba radhi, naye akaniomba, ingawa sikuona kosa lake. Talaka hakuitaja, na nilipomuuliza alikasirika kweli kweli, akasema yeye seremala, kitu kikipasuka anaanza kwa kuunga.

Sasa Mwahija ni wa siku ishirini na sita, mashavu yameanza kujaa. Analala na mimi nalala. Mimi bado nakunywa, sikufichi. Kijiko kimoja kwa siku, nusu yake maji, na anayepima ni Maulidi, kwa umakini wa mtu anayepima mlango. Wiki ijayo tunaongeza maji. Nitamaliza, Shangazi. Sisemi kwa kutumaini, nasema kwa kuwa najua sasa jinsi inavyofanywa.

Ijumaa iliyopita Maulidi aliwakusanya wale wale waliomwona siku ya kumshika Abdu shati. Akasimama nao dukani pale pale. Akasema, "Abdu, maji hukutia wewe. Mke wangu ameshikwa na Tausi, anajinasua, na muda wote mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea chupa. Nisamehe." Nilidhani watacheka. Hakucheka mtu. Mmoja mmoja wakatazama chini, Maulidi anasema hakuelewa kwa nini.

Jana asubuhi nimeelewa. Maulidi ameshakwenda kazini, nikasikia hodi. Ni mke wa fundi wa mashine, mwanamke ambaye hajawahi hata kunisalimu vizuri. Akafungua kanga, akatoa chupa ya Tausi akaiweka miguuni pangu. Hajaketi sawasawa, hodi nyingine, chupa nyingine. Wa tatu alipitia uani amejifunika uso mzima. Alipofunua, ni Nyamizi, mke wa Abdu mwenyewe, mimba ya miezi sita. Akaniuliza kama ni kweli kuna njia ya kuacha bila kumpoteza mtoto.

Nikamwambia ipo, ni ndefu, na tunaanza leo. Nikampa Mwahija ambebe, nikaenda jikoni kuinjika maji.

Mwanao,
Mama Mwahija